Kabati la Jikoni

Salem, mwenye nyumba wangu, alikuja kukagua nyumba akiwa na tochi, daftari na sura ya mtu aliyekwisha kuamua. Dipoziti yangu alikuwa nayo yeye. Mwenye nyumba mpya kule Tudor aliitaka kabla ya adhuhuri, la sivyo angempa chumba mtu mwingine. Vitu vyangu vilikuwa chini, kwenye mkokoteni uliokwisha kuziba uchochoro mzima.

"Hujambo, dada Nasipwondi? Kazi ya bandarini yaendeleaje?" aliniuliza kwa adabu zote za Mji wa Kale, kisha bila kungoja jibu akamulika ukuta. Tochi, saa nne asubuhi, dirisha liko wazi!

"Matundu ya misumari. Ufa. Rangi imefifia. Mfereji wavuja." Aliandika kwa raha.

Mimi nimekuwa karani miaka tisa, daftari halinitishi. Nikatoa simu. Siku niliyohamia nilipiga picha kila pembe, na ufa huo niliukuta humu humu, na mfereji ulikuwa ukivuja vile vile. "Rangi kufifia ni uchakavu wa kawaida, huo ni juu yako mwenye nyumba," nikamwambia. "Matundu matatu ni yangu. Saruji nyeupe ninayo, nayaziba sasa hivi."

Nikayaziba. Salem akafuta mstari mmoja baada ya mwingine, akiugua kama mtu anayeng'olewa jino. Nami kichwa kikaanza kunivimba. Hapo ndipo alipofungua kabati la jikoni.

Sahani saba za maua, za mamake. Nilikuwa nimepanga kuziacha humo na kutoroka.

Kila Ramadhani, mamake huyo, Bi Alawiya, anayekaa chini, aliniletea futari: viazi vya nazi, mbaazi, kaimati. Na sahani ya jirani hairudishwi tupu, hilo hata sisi wa Bungoma tunalijua. Lakini ningetia nini? Mapishi yangu ni ugali na omena, vile vidagaa vya ziwani. Nikaogopa kuchekwa, nikangoja siku nitakayopika kitu cha maana. Siku hiyo haikuja, na miaka mitatu ikapita. Niliona aibu mpaka masikio yakanichoma.

"Mama!" Salem akaita ngazini, furaha tele. "Ndoo umuone mwizi wako!"

Bi Alawiya akapanda polepole, akiyalaumu magoti yake. Akazihesabu sahani kwa kidole. Nikajua dipoziti imekwenda, na Tudor imekwenda.

"Mbona hukuzirudisha, mwanangu?"

"Sikuwa na cha kutia, Bi. Kwangu ni omena tu."

"Kumbe! Miaka yote hii nalidhani chakula changu ukikitupa." Akamgeukia mwanawe. "Salem, mpe pesa zake."

"Lakini mama, hizi sahani..."

"Sahani ni zangu, si za nyumba. Zimeandikwa wapi kwenye mkataba wako? Mpe!"

Salem akanipa noti moja moja, nami nikazihesabu mbele yake bila haya hata kidogo. Bi Alawiya akazipanga sahani sita kifuani, ya saba akanisukumia mkononi.

"Hii nenda nayo. Ijumaa niletee hiyo omena, tena uijaze. Tangu nimzae huyu, hakuna aliyewahi kunipikia."