Masikio ya Masalu

Nilimchukia Mama Shija wiki mbili nzima, na leo nalisema bila kujificha.

Mwanangu Masalu alikuwa na miaka mitatu nilipoanza kumwacha kwake, hapa Bariadi, nyuma ya soko ninapouza vitenge. Mama Shija alilea watoto kumi na mmoja katika nyumba ya vyumba viwili. Saa kumi na mbili asubuhi ulimkuta uji umeiva, ua umefagiliwa. Alijua nani anaogopa kuku, nani halali mpaka akunwe mgongo.

Jioni moja akaniambia nikae.

"Mama Masalu, nadhani mtoto hasikii. Nimemwita kwa nyuma siku tano. Juzi nimegonga sufuria, wenzake wakaruka, yeye akaendelea kuchezea mchanga."

"Mwanangu si kiziwi," nikasema. "Ni mkaidi tu, kama baba yake."

Kule Sapiwi wakwe zangu walikuwa wakisema mtoto haongei kwa sababu kuna mtu kamfunga ulimi, wakamvisha hirizi. Nilishachoka na maneno. Nikambeba mtoto, na kesho yake sikumrudisha. Nikawa nashinda naye sokoni.

Jumapili ya pili Mama Shija akaja kwetu kwa miguu, mgongoni kabeba mtoto ambaye mama yake alikuwa amelazwa. Hakunilaumu. Alimsalimu mume wangu, Mayunga, akanywa maji, kisha akamwambia, "Baba, naomba umwite mwanao. Usimguse."

Masalu alikuwa ametugeuzia mgongo, akipanga vizibo vya soda. Mayunga akaita. Akaita tena. Mara ya tatu alipaza sauti hadi jirani akachungulia. Mtoto akaendelea kupanga vizibo.

Mume wangu akakaa chini. Mimi nikaanza kulia.

"Usilie, mayu, mama yangu," Mama Shija akaniambia. "Huyu ana akili sana. Akiona wenzake wanainuka, naye anainuka. Ndiyo maana hamkujua."

Hospitali walithibitisha: sikio la kushoto halisikii kabisa, la kulia kidogo mno. Tukampata mwalimu wa kutufundisha lugha ya alama kila Jumamosi, mimi na Mayunga. Mama Shija, mwenye miaka hamsini na nane na elimu ya darasa la saba, akaja pia ingawa hakuna aliyemwalika, akakaa mbele kabisa. Alama alizojifunza Jumamosi, Jumatatu aliwafundisha watoto wote.

Mwezi uliopita nilifika mapema kumchukua Masalu. Watoto walikuwa wakila viazi. Kasichana kamoja, Minza, kalikuwa kanabishana naye kwa vidole kuhusu kiazi kikubwa ni cha nani, wote wawili wamekunja nyuso, hakuna anayekubali kushindwa. Nilisimama mlangoni nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Nikataka kwenda kuwaamua. Mama Shija akanishika mkono.

"Waache," akasema. "Na mwanao ndiye mwenye haki."