Bendera Juu ya Bati la Mama Bertha

Mama Bertha alirudi kutoka kituo cha maziwa, kule Kwai, na dumu lake limejaa vilevile alivyoondoka nalo. Alilitua jikoni, akafunga upya kilemba chake.

"Mashine imekataa," alisema. "Ikikataa tena nafutwa chamani, kama jirani yetu Rahabu."

Binti yake Lightness hakuinua macho kwenye kompyuta. Mashine ile ya kupima maziwa ilikuwa na chipu ndani, na kompaila iliyoigeuza programu kuwa amri za chipu hiyo aliiandika yeye, mezani hapohapo, ushirika mzima ukimpigia makofi.

Chipu haikumbuki mengi. Ikilinganisha vitu viwili hupandisha bendera yake ndogo au huishusha, na amri ya kuamua huja kuisoma. Maziwa yakifikia kiwango, bendera juu, yapokelewe. Bendera chini, yarudi. Lightness alikuwa ameyapitia maandishi yake hadi macho yakawasha, asione kosa.

Juu ya bati la nyumba yao nako bendera ilikuwa imeota tangu wiki iliyopita, nyeupe, ukubwa wa leso. Ukilinganisha chochote uani, ilipanda au ilishuka. Majirani walikuwa wakija kuamuliwa kabichi ya nani nzito. Mama Bertha hakuwa na neno nayo, ila alilalamika kuwa inawatisha kuku.

Mchana huo alilitoa dumu uani, akauliza kwa sauti kama maziwa yamefikia kiwango. Bendera ikapanda mpaka mwisho. Lightness alishusha pumzi. Hapo akaingia mzee Anselm, mwenyekiti wa kituo, aliyekuwa akipita kukagua ng'ombe.

"Shikamoo, mzee," alisema Mama Bertha.

"Marahaba. Onga mshi?" alijibu mzee, akimjulia hali ya mchana kwa Kisambaa.

Bendera ikashuka. Shikamoo nayo ni kulinganisha, nani mdogo na nani mkubwa, na jibu la maziwa lilikuwa limeshafutika.

Lightness akaikumbuka bendera ya chipu. Alirudi mezani, na kweli, kati ya kulinganisha na kuamua, kompaila yake ilikuwa imechomeka amri ya kujumlisha lita za tangi. Kujumlisha nako hugusa bendera. Mashine haikuwa ikisoma maziwa hata kidogo. Jumla ikiwa ndogo, bendera ilikaa juu; jumla ikikua, ilishuka. Waliotangulia foleni walipokelewa hata wakileta maji, na waliotoka mbali walirudishwa.

Alilirekebisha kosa kabla chai ya mgeni haijapoa, akatoka nje.

"Mzee, kosa ni langu. Nipe ruhusa niibadilishe programu ya mashine leo."

Anselm alimsikiliza mpaka mwisho. Yeye siku zote alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Ukibadilisha, Rahabu atauliza," alisema. "Na sisi tunaotangulia tutaulizwa ya kwetu. Mashine watu wameshaizoea, mwanangu. Iache."

"Mama atafutwa."

"Basi awahi." Akamaliza chai, akashukuru, akaenda zake.

Kutoka mlima wao hakuna anayewahi. Asubuhi Lightness alifuatana na mama yake, amekusudia kuwaambia watu wote. Lakini foleni nzima ilikuwa ya wakubwa zake, na mtoto aliyelelewa haanzi kusema bila kuamkia. Alianzia mbele, kwa mzee Anselm. Shikamoo. Shikamoo, mama. Shikamoo, baba. Kila mmoja alimuuliza habari za kazi, naye kila mmoja alimjibu nzuri. Alipoitikiwa marahaba ya mwisho, taa nyekundu ya mashine ilikuwa imewaka, na karani alikuwa akimrudishia mama yake kadi ya chama iliyokatwa pembe, ishara ya kufutwa.

Walirudi nyumbani. Uani, Mama Bertha aliliinamisha dumu kwenye shina la kabichi. Kabla hajamwaga aliuliza tena, kwa sauti ileile, kama yamefikia kiwango.

Bendera ikapanda. Siku hiyo hakuja mtu wa kuamkiwa, nayo ikakaa juu mpaka giza lilipoingia.