Nyaya Mbili Chini ya Kiti

Herman hakuwa mtu wa ugomvi, lakini mwaka ule wa mvua za El Nino aligombana na mashine. Ilikuwa trekta ndogo ya kukatia nyasi, kuukuu, rangi yake nyekundu imepauka hadi kufanana na tofali. Mzee Ramniklal, mwenye kinu cha kuchambulia pamba nje kidogo ya mji wa Shinyanga, aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui. Kazi ya Herman ilikuwa kuiendesha na kukata nyasi za bustani na za uwanja wote wa kinu. Na mvua zile hazikuwa na adabu. Ukikata leo, wiki haijaisha nyasi zimekufika magotini.

Ubaya wa trekta ulikuwa swichi zake za usalama. Moja ilikuwa chini ya kiti, nyingine kwenye pedali ya klachi. Mtu akikaa, umeme unapita. Akishuka au akidondoka, injini inazima na visu vinasimama. Ndivyo ilivyotakiwa iwe. Lakini swichi zilikuwa zimechoka. Mara zinazima injini dereva akiwa amekaa kitako, eti gurudumu limekanyaga kituta. Mara hazizimi kabisa. Siku moja Herman alishuka kuondoa jiwe, trekta ikamfuata na kumlia ncha ya kandambili.

Tangu siku hiyo akagoma kukata ukingo wa mtaro, ule mteremko mkali nyuma ya maghala. Ramniklal akamwambia ni mwoga.

"Ndiyo, mzee, ni mwoga," Herman akajibu. "Kwa mwoga huenda kicheko. Nipe swichi mpya, nitakata hata paa la nyumba."

Ramniklal alicheka, akaagiza swichi mpya kutoka Nairobi. Kazi ya kuzifunga akapewa fundi wa kinu, Mabula.

Hapo Herman alipumua. Mabula hakuwa fundi tu kwake. Walizaliwa kijiji kimoja, wakacheza ngoma kundi moja, wote Bagika, wakashindana na Bagalu mpaka vumbi likafunika jua. Herman alipotaka kumwoa Serafina, aliyekwenda kwa wakwe kupeleka maneno ni Mabula. Ukiwa na fundi wa namna hiyo, unalala usingizi.

Hata hivyo kulikuwa na desturi. Kwao pombe haiwekwi mbele ya mgeni kabla mwenye nyumba hajaipiga funda la kwanza, mgeni ajue haina kitu. Pale kinuni wafanyakazi wengi walikuwa Wasukuma, na desturi hiyo waliihamishia kwenye mashine: fundi akimaliza kazi, anaonja mwenyewe kabla ya kumkabidhi mwenzake. Hakuna aliyeona ni matusi. Kukataa kuonja ndiyo kungekuwa matusi.

"Mwangaluka, fundi," Herman alimwamkia kwa Kisukuma asubuhi aliyoitwa gereji. "Umemaliza? Haya, onja."

"Unanidai kuonja mimi, Herman? Mimi niliyekutafutia mke?"

"Mke haonjwi, fundi, mashine ndiyo huonjwa. Panda huko."

Wakacheka wote. Mabula akapanda, akawasha, akaachia visu vizunguke. Kisha akainuka kitini, na injini ikazima papo hapo. Herman alikuwa ameinama upande wa pili, macho yake kwenye kiti na kwenye visu, kama ambavyo mtu yeyote angeangalia. Mkono wa kushoto wa Mabula hakuuona. Hakuona ukigusa ufunguo.

"Wabeja, ndugu yangu," akamshukuru, na akampa mkono kwa moyo mweupe.

Kazi ikaendelea. Herman kwa mazoea yake alizima kwa ufunguo kila aliposhuka, hivyo hakuwa na sababu ya kujua lolote. Mara nyingine baada ya siku ya mapumziko alikuta magurudumu yana tope la kijivu lisilo la pale uwanjani, na kapi la mbele limekwaruzwa kama lililofungwa mkanda. Mabula alimwambia alikuwa akiijaribu huko bwawani. Herman hakuuliza mara ya pili. Rafiki hahojiwi kama mshitakiwa.

Ukingo wa mtaro ukafika zamu yake. Nyasi zilikuwa mbichi, udongo unateleza, na Herman akapanda na trekta yake bila wasiwasi, kwa sababu ahadi ni ahadi. Alipofika katikati ya mteremko gurudumu la chini likazama. Akarushwa kitini, akaangukia mgongo.

Na hapa ndipo roho inapouma hata kusimulia. Herman angeweza kubingiria. Nafasi ilikuwepo, na mwili ulikuwa mzima. Lakini hakubingiria. Alilala pale akingoja injini izime, kama alivyoiona ikizima kwa macho yake. Haikuzima. Iligeuka na mteremko, ikamshukia, na visu vikachukua nusu ya mguu wa kulia.

Mlinzi wa kinu, Donatus, ndiye aliyekimbilia pale. Trekta ilikuwa imekwama kwenye mwarobaini, bado inanguruma, kiti kimefunuka. Alipokuwa akizungusha ufunguo aliona chini ya kiti nyaya mbili zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa utepe mweusi. Swichi haikuwepo. Kwa nyaya zile, trekta iliamini muda wote kwamba kuna mtu amekaa.

Hospitalini Donatus alimwambia Serafina yote aliyoyaona na aliyokuja kuyasikia, na Serafina akamwambia mumewe. Mashimo ya wachimba almasi kule Maganzo yalikuwa yamejaa maji ya mvua, na wachimbaji walikuwa wakitafuta kwa udi na uvumba injini ya kuendeshea pampu. Mabula alikuwa akiitoa trekta siku za mapumziko na kuwakodishia, akimwambia Donatus anaipeleka kuchomelewa. Injini ya pampu haina dereva. Ukiifunga swichi ya kiti, inazima. Ndiyo maana swichi mpya hazikufungwa hata siku moja.

Herman aliumia, tena sana, na kilichomuuma zaidi ni kile kicheko cha gereji, jinsi walivyocheka wote wawili. Lakini kesho yake alimwambia Serafina, "Akija akasema mwenyewe kwa mdomo wake, nitamsamehe. Alibanwa na njaa. Hakukusudia mguu wangu."

"Na asiposema?"

"Atasema. Mabula namjua."

Alikaa akijipangia maneno ya kumpokea, mepesi, yasimwaibishe mbele ya watu.

Mabula alikuja, lakini alikuja na Ramniklal. Serafina akawapa shikamoo, akasogea dirishani. Ramniklal alisimama mwisho wa kitanda akiangalia bandeji.

"Pole sana, Herman. Nitakuuliza jambo moja tu," alisema kwa upole. "Swichi nilizileta. Mabula anasema wewe ulimwomba azitoe na kuunga nyaya, maana injini ilikuwa inakuzimikia kila kwenye tuta. Ni kweli?"

Herman alimgeukia Mabula, akamngoja. Alimpa muda wa kutosha, na uso wake haukuwa na hasira yoyote.

"Herman, ndugu yangu," Mabula alisema taratibu, "wewe sema ukweli tu. Mzee hatakufukuza kwa ukweli."

Katika maneno yote aliyojipangia Herman hakuna hata moja lililofaa.

"Sikumwomba," akasema.

Ramniklal alitazama mmoja, akatazama mwingine. Herman ndiye aliyekuwa akilalamika kila siku injini inazima. Uwanja mzima uliwahi kumsikia. Mzee akapumua, akasema anakwenda kumwona daktari, akatoka.

Mabula akainama karibu na mto. Macho yake yalikuwa yamelowa kweli, hakuwa akiigiza.

"Mguu wako umeshakwenda, Herman," alinong'ona. "Mimi nikifukuzwa, huo mguu utarudi?"

Akamgusa bega, akaaga, akatoka.

Serafina alikuwa amesikia yote. Alikuja akakaa kitandani, akashika mkono wa mumewe.

"Bado unataka kumsamehe?"

"Nilishamsamehe kabla hajaingia," Herman alisema. "Ya mguu niliyamaliza jana. Hili la leo ndilo sijui nilipeleke wapi."