Vyeti vya Moto vya Madamu Justa

Jumamosi moja ya mwezi Machi, saa mbili asubuhi, Justa Mhoja alikuwa akipiga deki sebuleni kwake Kirumba alipoona rangi ya ukuta imebabuka nyuma ya cheti cha tatu. Alikigusa kioo kwa kiganja. Kilikuwa cha moto. Akagusa cha nne na cha tano, navyo vivyo hivyo. Justa alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari, kwa hiyo aliegemeza dekio mlangoni akaenda kutafuta kipimajoto.

Vyeti vilikuwa sita, vyote vya pongezi, kimoja kwa kila mwaka tangu kikaushio chake kichukuliwe. Alikiunda kwa mabati yaliyopakwa rangi nyeusi, kioo cha dirisha na kokoto za mawe ya Mwanza, ambazo zilinyonya jua la siku moja na kulitoa polepole kwa siku tatu. Kilikausha dagaa hata wakati wa mvua, na hapo ndipo ulipokuwa uzuri wake wote, kwa sababu masika ikishika pale soko la samaki la Mwaloni, dagaa waliotandazwa kwenye chanja huoza na kuishia kuwa chakula cha kuku. Ofisi inayoshughulikia ubunifu ilikipenda mno. Ilikipakia kwenye lori kwenda kwenye maonyesho Dodoma, ikaahidi kukirudisha pamoja na fungu la fedha la kuunda vingine mia moja, ili taifa lipate kushindana sokoni. Lori halikurudi. Vilikuja vyeti, na Justa, ambaye hakujua kumkatalia mtu mbele za watu, alivipokea akavitundika.

Kipimajoto kilisoma nyuzi hamsini na nane, joto lilelile la kikaushio. Aliandika kwenye daftari. Wiki nzima alipima asubuhi, mchana na jioni, kwa raha ambayo hakuwa ameionja tangu alipotoka chuo. Aligundua kwamba cheti kilichosainiwa na mkubwa wa ofisi mwenyewe kilikizidi kile kilichosainiwa kwa niaba yake kwa nyuzi nne kamili. Aligundua pia kwamba fremu haikuwa na mchango wowote.

Suzana, muuza dagaa aliyepanga chumba cha uani, hakungoja utafiti uishe. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga aliingia na mabeseni mawili, akafunga chandarua kikuukuu kutoka ukuta hadi ukuta, akawatandaza dagaa wake mbele ya vyeti. Baada ya saa nne walikuwa wakavu, wakivunjika vidoleni.

"Samahani kwa harufu, Madamu," alisema.

"Wageuze wale wa kushoto," Justa alimjibu. "Cheti cha pili ni cha kaimu, hakina nguvu."

Siku kumi baadaye wanawake saba walikuwa wakipeana zamu sebuleni, na Justa alikuwa akisahihishia madaftari ya wanafunzi jikoni.

Lakini joto halizuki tu hewani. Hilo alilifundisha kidato cha pili kila mwaka. Lazima kulikuwa na mahali lilipokuwa likipungua. Alipiga simu kwenye ghala la maonyesho kule Dodoma, akapokewa na mtunza ghala aliyeitwa Machibya.

"Shikamoo, mzee. Naulizia kikaushio changu, kile cheusi cha mabati."

"Marahaba, mwanangu. Kipo, hakijaguswa. Ila baridi yake siyo ya kawaida. Barafu mpaka kwenye kokoto. Sisi tunawekea soda humo."

"Basi naomba mnirudishie. Masika imeanza, na huku tuna ukuta mmoja tu."

"Ungeniambia mwezi uliopita. Juzi wamekuja kuhakiki mali, wakakikuta kinagandisha, wakakiandika jokofu. Kikaushio kwenye orodha yangu hakipo tena. Na wakubwa soda hizo wameshazipenda."

Justa aliiandika baridi hiyo mkabala na joto la vyeti. Hesabu zilikubaliana. Kisha alikaa akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana ilikuwa mashine nzuri na aliipenda. Aliponawa uso aliandika barua ya kurasa tatu yenye vipimo vyote, akaomba arudishiwe kikaushio, au apewe lile fungu aunde vingine, ili wauza dagaa wa Igombe na Kayenze nao wasiendelee kuozewa.

Majibu yaliletwa na afisa wa ofisi ile, kijana mtanashati aliyeitwa Revocatus. Alimwamkia Justa, akavua viatu mlangoni, akapita ameinama chini ya chandarua na kuweka kiganja kwenye cheti cha tatu. Alisema ofisi imefurahishwa sana na ugunduzi wa vyeti vinavyokausha, na kwamba nchi jirani hazina kitu kama hicho.

"Na mashine yangu?" Justa aliuliza.

"Hilo linafanyiwa kazi, Madamu."

Akafungua bahasha, akamkabidhi cheti cha saba. Justa alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa cha moto kweli, saini ya mkubwa mwenyewe. Suzana alikuwa ameshapigilia msumari.

Gari la Revocatus lilipoondoka, Justa alipima. Nyuzi hamsini na nane. Aliandika, kisha akatoka nje kuwaambia waliokuwa kwenye foleni kwamba ukuta umejaa. Walikuwa wamebanana chini ya upenu wa bati hadi kona ya nyumba. Wa kwanza alikuwa Evelina, aliyefika kutoka Igombe na ndoo tatu zilizofunikwa kanga. Aliifunua moja. Dagaa walikuwa wameanza kunuka.

"Cheti kingine kinakuja lini, Madamu?"

"Mpaka nivumbue kitu kingine, wakichukue."

Evelina aliitazama ndoo, akaitazama mvua.

"Basi vumbua, Madamu," alisema. "Tunakusubiri hapahapa."