Kibao cha Ziwani

Kila Desemba Theophil alifunga duka lake la Kariakoo kwa wiki moja, akapakia saruji, mabati na misumari kwenye pikapu, akamkalisha mkewe Candida mbele, wakapanda kwao Kilimanjaro kula Krismasi. Saruji ile ilikuwa ya nyumba ya kijijini, nyumba ya vyumba vingi ambayo mpaka leo wanaolala humo ni popo. Lakini Mchaga gani anarudi kwao mikono mitupu?

Kabla ya kufika Moshi kulikuwa na njia panda yenye kibao cha hifadhi ya ziwani. Kilichorwa kiboko, ndege mwekundu na mtu anayepiga kasia. Candida alikipenda kibao kile kupita kiasi. Bahari aliiona kila Jumapili na haikumbabaisha. Alitaka maji yaliyotulia, ashike kasia mwenyewe, awatazame viboko wakipiga miayo.

"Baba Elieshi, tukunje hapa," alikuwa akisema.

"Na saruji yote hii? Tutapita tukirudi."

Wakirudi, Theophil alikuwa na haraka ya duka. Enzi za ruksa, za biashara huria, zilikuwa zimeingia. Mtaa mzima ulijaa redio na vitambaa kutoka Dubai, na aliyechelewa kufungua alikuta wateja wake kwa jirani. Basi kibao kilipita dirishani, na Candida akageuza shingo kukitazama mpaka kikapotea.

Mitumba iliporuhusiwa, aliliona sokoni jaketi la kuelea majini, la rangi ya chungwa, limetoka kwenye robota la makoti. Akalinunua. Alisema hajui kuogelea, na hataki kumpa mumewe kisingizio kingine. Siku ile alikaa nalo kaunta mchana kutwa, wateja wakimtania, naye akiwajibu kwamba nahodha hana muda wa porojo. Theophil alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akamwahidi kwamba Desemba inayokuja hawatapakia hata msumari.

Septemba figo za Candida ziligoma. Novemba akafariki.

Msiba uliwekwa nyumbani kwao Magomeni. Evelyn, dada yake Theophil, alipofungua kabati kutafuta gauni la kumvalisha marehemu, jaketi lile likamwangukia miguuni. Akatoka nalo uani kuuliza ni la nani. Huko wanaume walikuwa kwenye kikao cha kupanga safari ya kwenda kuzika, mwenyekiti akiwa Rogath, kaka yao mkubwa. Theophil akalipokea, akalipakata.

"Kaka," alisema, "naomba gari la maiti likunje pale kwenye kibao. Tusimame ziwani kidogo tu, kisha tuendelee."

Watu wakatazama chini. Rogath hakuwa mtu mbaya. Alimpenda sana shemeji yake, na alijibu kwa upole.

"Mdogo wangu, padri anatusubiri, na kaburi limeshachimbwa. Tutapita tukirudi."

Theophil angemlaumu vipi kaka yake, ilhali maneno yale yalikuwa yake mwenyewe? Akaiona safari ya kushuka baada ya mazishi, kibao kikipita dirishani, na kiti cha mbele hakina mtu wa kugeuza shingo. Akalia mbele ya wazee wa ukoo, jaketi kifuani, wala hakuficha uso.