Mikono Mifukoni

Daktari kijana alikuwa ameshafeli mtihani huu wa kuongoza wenzake, na akifeli tena angerudia mwaka mzima. Mgonjwa alikuwa sanamu ya plastiki, lakini jasho lilikuwa la kweli. Mara ya kwanza aliruka akakandamiza kifua mwenyewe, wauguzi wakabaki wanamtazama kama wageni harusini. "Mwanangu," mwalimu wake, mama mtu mzima, alimwambia, "nahodha hapigi makasia."

Leo alisimama miguuni pa kitanda, mikono mifukoni mwa koti. Mashine ikalia: moyo umesimama.

"Mtu mmoja akandamize kifua!"

Hakuna aliyetikisika, kila mmoja alimngoja mwenzake. Mwalimu akaandika kitu. Kijana akamgeukia muuguzi mrefu wa kiume.

"Kaka Mrefu, kandamiza wewe. Dada, choma dawa ya moyo, ukimaliza niambie."

"Nimeshachoma, daktari."

"Kaka, umechoka?"

"Mimi? Bado sana!"

"Unahema kama punda wa kokoto. Dada, mpokee."

Walipomaliza, mwalimu akafunga daftari. "Umefaulu. Haya, toa mikono."

Akaitoa, na vipande vya bitana ya mifuko vikatoka nayo, vimechanika kwa kung'ang'aniwa.