Dua ya Mama

Fundi aliponiambia simu yangu imepandikizwa programu ya kijasusi, niliitupa kabatini nikanunua nyingine. Watu wanauza upelelezi kama nyanya, wala hawaoni haya! Tangu siku hiyo sifungui kiungo cha mtandao ninachotumiwa na mtu, na habari nyeti za gazeti letu naziongea ana kwa ana, simu nimeiacha mbali.

Mama peke yake ndiye niliyemnong'oneza kwamba mhasibu aliyelipatia gazeti letu siri za wakubwa amejificha kwa shangazi yake, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Simu ya mama iliharibika zamani, na siri kwake haitoki.

Asubuhi hii nikamsikia chumbani akiomba kwa sauti.

"Ee Mola, mfiche yule mhasibu pale nyuma ya kiwanda cha sabuni. Ni mtoto wa watu."

Nikasukuma mlango. Kando ya goti lake ililala simu yangu ya zamani.

"Mama! Hii umeitoa wapi?"

"Kabatini, mwanangu. Kaka yako alinitilia laini jana. Nzima kabisa, nyie mnatupa tu vitu."

Nikaiokota. Kioo kilikuwa kimezimwa, lakini simu ilikuwa ya moto, kama iliyotoka kuongea muda mrefu.